Hema na Dungu

Safari ni za namna mbili. Iko safari ya haja, ambayo mtu huishika kwa kuwa hana budi. Na iko safari ya matembezi, ambayo huishika kwa kuwa nafasi, afya na akiba vimekubaliana kumruhusu. Ya kwanza hupimwa kwa kufika, na ya pili hupimwa kwa kuona. Lakini macho ni mashahidi wepesi wa kuridhika. Hutazama juu juu, hukinai upesi, kisha ulimi husimulia kwa urefu jambo ambalo macho yaliliona kwa ufupi. Swali ninalotaka kulichungua katika kurasa hizi ni hili: mtu aliyekwenda mahali kwa matembezi, akapiga hema, akalala siku tatu na kurejea kwake, ana haki gani ya kusema kwamba amepaona mahali hapo?

Swali hili si la pwani yetu peke yake. Katika nchi za baridi kali wako watu wengi ambao, majira ya baridi yakiingia, hufunga nyumba za magurudumu nyuma ya magari yao wakalifuata jua. Huko Marekani jangwa la Arizona, karibu na mji mdogo wa Quartzsite, hugeuka kila mwaka kuwa mji mkubwa wa matela. Wazee waliostaafu na marafiki zao huota moto pamoja, hutazama milima na machweo, na joto likianza kuzidi huondoka, jangwa likabaki na upweke wake. Sisi hatuna theluji ya kuikimbia wala jangwa la kulikimbilia. Tuna kipupwe, miezi ya Juni hadi Agosti, masika yanapokuwa yamekwisha na upepo wa kusi unavuma. Jua hupoa, njia hukauka, na usiku mtu hutaka shuka la pili. Hayo ndiyo majira ya matembezi katika pwani ya Tanzania, na ndiyo yaliyotuchukua watu wanne, marafiki tangu siku za chuo, kwenda Kibiti na delta ya Rufiji.

Wa kwanza wetu ni mwalimu wa jiografia, mtu asiyeweza kuvuka kijito bila ya kuuliza kinatoka wapi. Wa pili ni tabibu, ambaye alichukua dawa nyingi kuliko nguo. Wa tatu ni karani wa benki, mzaliwa wa delta yenyewe, na habari zake ndizo uti wa mgongo wa insha hii. Nitamwita mwenzetu, maana jina lake ni mali yake. Wa nne ni mimi. Tuliazima gari lenye nguvu na tela la magurudumu mawili, tukalipakia mahema, vyandarua, majiko, madumu ya maji, mchele, unga, taa na viti vya kukunja. Lilipojaa lilifanana na mizigo ya mpangaji aliyefukuzwa na mwenye nyumba. Tulisema kuwa tunakwenda kuonja maisha mepesi, na uzito wa wepesi huo ulikaribia nusu tani.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti ni mwendo wa kilometa zipatazo 140 kwa barabara ya kusini, inayopita Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu na Bungu. Ni nchi ya minazi, mikorosho na michungwa, na vikapu vya matunda hupangwa kando ya njia kama askari katika gwaride. Mji wa Kibiti ni makao makuu ya wilaya yenye jina hilo, wilaya changa iliyomegwa kutoka wilaya kongwe ya Rufiji katika miaka ya 2010. Usiku wa kwanza tulipiga mahema yetu hapo, katika uwanja wa mtu mwema, chini ya mikorosho.

Yafaa niseme bila ya kuficha kwamba jina la Kibiti liliwahi kuingia katika masikio ya taifa kwa mlango wa msiba. Kati ya mwaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji, askari na raia waliuawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Katika siku moja ya mwezi wa Aprili 2017 waliuawa askari polisi wanane. Wako waliokufa, wako waliohama, na wako ambao jamaa zao hawakuwaona tena. Utulivu ulirejea, masoko yakajaa, na watoto wakaenda shule. Lakini hofu ina desturi ya kuondoka kwa miguu hali iliingia kwa mbio.

Mwenzetu alikuwa akirudi kwao kila mwaka wakati wa mavuno. Tangu mwaka 2017 hakurudi tena. Kwanza hofu ilimzuia, kisha kazi, na mwisho haya. Hofu hupozwa na amani, na kazi hupewa likizo. Lakini haya ya mtu aliyechelewa kurudi kwao huongezeka kwa kila mwaka anaochelewa. Tulipomweleza shauri la safari alinyamaza kwa muda, akakubali kwa sharti moja: kwamba tutalala katika mahema, na kwamba hatakwenda kama mwana wa pale bali kama mmoja wa watalii. Hatukumhoji. Rafiki wa kweli hujua mlango wa kubisha na mlango wa kupita kimya.

Siku ya pili tulirudi nyuma hadi Bungu, tukashika njia ya mashariki kwenda Nyamisati, bandari ya vyombo viendavyo kisiwa cha Mafia. Hapo barabara hukoma na ufalme wa maji huanza. Tela letu, lililotutia fahari njia nzima, halikuwa na la kufanya mbele ya mto. Tuliliacha chini ya mwembe kwa mtu wa kulitunza. Nahodha wa mashua alitazama rundo la vitu vyetu, akacheka kwa adabu, akasema, "Ndugu zangu, chombo hiki huchukua watu na vitu vyao, hakichukui watu na nyumba zao." Basi viti vya kukunja vilibaki, majiko mawili yakabaki, na nusu ya dawa za tabibu ikabaki baada ya majadiliano marefu. Tulichukua mahema mawili, vyandarua, sufuria na chakula.

Rufiji huanza pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, ukapokea maji ya Ruaha Mkuu, na kwa hiyo mvua inayonyesha Iringa na Mbeya hupita hapa katika njia yake ya kwenda baharini. Ukikaribia pwani mto hujigawa kama vidole vya mkono, na katikati ya vidole hivyo umeota msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, ambao hakuna mwingine ulioungana pamoja wenye ukubwa kama huo katika Afrika ya Mashariki. Mgeni huuona msitu huu kama ukuta mmoja wa rangi moja. Nahodha hakuuona hivyo. Alitutajia mti mmoja mmoja kama mtu anayetaja jamaa zake: mkoko wenye mizizi ya kupinda kama miguu ya kaa, mkandaa wa boriti nyembamba zilizonyooka, msinzi wa nguzo, mchu unaostahimili chumvi, mlilana usimamao mbele kabisa kulikabili wimbi, mkomafi wa matunda makubwa kama mipira, na msikundazi upendao mahali penye maji baridi. Mwalimu aliandika majina yote. Mwenzetu, aliyekuwa kimya tangu Nyamisati, alimsahihisha tahajia mara mbili. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza katika nchi yake.

Delta hii haijawahi kukosa wageni. Kwa karne nyingi upepo wa kaskazi, uvumao wakati nchi za kaskazini ziko katika majira ya baridi, ulileta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba. Watu wa nchi za jangwa hawana msitu, na nyumba haisimami kwa mchanga peke yake; kwa hiyo walikuja Rufiji kupakia boriti. Upana wa vyumba vingi vya kale vya Ghuba ulifuata urefu wa boriti hizo, hata twaweza kusema kwamba mtu aliyelala Kuwait alilala chini ya Rufiji. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, akaingia nalo katika delta hii, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1940 alieleza matope, mbu na taabu ya mabaharia waliokata na kupakia miti hiyo. Hao walikuwa wageni waliopiga kambi kwa kazi, na waliondoka na jasho lao wenyewe.

Walikuja wageni wengine ambao jasho lao lilitoka katika miili ya watu wengine. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika mikono ya Rufiji kwa kuwa mashine zake ziliharibika. Sehemu za mashine hizo zilivutwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, zikarudishwa, na waliozivuta walikuwa wapagazi wa Kiafrika. Waingereza waliziba milango ya mto kwa miezi mingi, hata manowari mbili za kwenda katika maji machache, Severn na Mersey, zilipoletwa. Na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilikufa katika matope. Mizinga yake ilitolewa ikapigana katika nchi kavu, na mmoja umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Meli yenyewe mto uliimeza kidogo kidogo. Vitabu hulitaja jina la nahodha wake, Max Looff. Majina ya wapagazi hayakuandikwa. Tulipita karibu na Salale, upande ule meli ilikozama, tukatazama maji ya rangi ya chai ya maziwa, na hapakuwa na la kuona. Mwalimu alisikitika. Nahodha alisema kwamba mto hauweki makumbusho.

Wako pia wageni wasioharibu. Kuanzia Septemba hadi Aprili vitwitwi na ndege wengine wa pwani huja kwa maelfu kutoka Ulaya na Asia kuikimbia baridi, wakala katika matope ya delta maji yanapokupwa. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya mikoko, samaki na watu, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, karibu hekta 600,000, liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu. Wako hata waliopiga kambi bila ya kukusudia: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa Lindi na Mtwara walingoja kivuko cha Ndundu, na masika yakizidi walilala kando ya mto mpaka maji yalipowaruhusu. Katika nchi hii, basi, kupiga kambi si mchezo uliobuniwa na watalii. Ni desturi ya kale, na mabwana wake ni wenyeji wenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu ya dungu. Dungu ni nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Hupandwa kwa ngazi, huezekwa kwa makuti au nyasi, na chini yake huwekwa mafiga. Wakati wa kilimo na wa kuamia mpunga mkulima huhama kijijini pamoja na jamaa yake, akakaa dunguni kwa miezi. Kutoka juu huona mbali: nguruwe akitoka msituni, tumbili akinyemelea, kiboko akipanda ukingo, na kwelea wakija kama wingu. Mafuriko yakifika, maji hupita chini ya sakafu na mtu hubaki juu. Yakishuka, huacha tope lenye rutuba, na bondeni watu hupanda tena mazao waitayo mlau, yanayoota kwa unyevu ulioachwa na mto. Asiyejua atasema kuwa mafuriko ni adui wa mkulima. Mkulima wa Rufiji atakuambia kuwa ni mshirika mwenye hasira za ghafula.

Serikali nayo iliyatazama maisha haya kwa jicho lake. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 watu wa bonde waliondolewa na kuwekwa katika vijiji vya nchi ya juu, ili wapate shule, zahanati na visima, na wasizame tena. Shule zilikuwa jambo jema, na zahanati zilikuwa jambo jema zaidi. Lakini rutuba haikuhama pamoja na watu. Basi watu walikubali nyumba ya juu bila ya kuliacha dungu la chini. Wakawa na makao mawili, moja la kuandikwa katika daftari na moja la kulia chakula. Mpango ulidhani umewahamisha. Kumbe umewaongezea safari.

Tulifika alasiri katika kitongoji cha delta ya kaskazini ambapo mama mdogo wake mwenzetu alikuwa akiamia mpunga wake. Mpunga ulikuwa umepinda vichwa kwa uzito, nusu umegeuka dhahabu. Mwenzetu alishuka wa mwisho katika mashua, akabisha hodi kwa sauti ya mtu asiyekuwa na hakika ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alijibu mama yule kutoka juu ya dungu, asishuke wala asionyeshe mshangao. "Hujambo? Na wenzako hawajambo?"

"Hatujambo, mama. Tumekuja na vyombo vyetu vya kulalia, hatutakusumbua."

Mama alitazama mahema yaliyokunjwa. "Naona umekuja na nyumba yako ya nguo. Haya, karibuni, wanangu. Nyumba ya nguo nayo hutaka mahali pa kusimama."

Tulimpa zawadi zetu, na miongoni mwake mchele. Aliupokea kwa mikono miwili, akaushukuru kama ipasavyo, kisha akaugeuza macho kwenye shamba lake, na sote tukacheka, naye zaidi kuliko sisi. Tulipotaka kupiga mahema katika kiwanja kizuri karibu na maji, mahali penye kuonekana machweo, alishuka, akachukua kijiti, akakipanda nyuma yetu kwa mwendo wa hatua thelathini. "Leo mwezi ni mpevu," alisema. "Bamvua litafika hapa. Laleni nyuma ya kijiti." Tulilala nyuma ya kijiti. Usiku wa manane maji yalipanda bila ya sauti, yakafunika kiwanja chote kizuri, yakasimama kiasi cha shibiri moja mbele ya kijiti, kisha yakarudi. Mwalimu, aliyekuwa ameshika taa, hakusema neno mpaka asubuhi. Katika somo lake kuna sura nzima juu ya kujaa na kupwa kwa maji, na hakuna hata ukurasa mmoja unaoweza kupanda kijiti kile.

Siku iliyofuata tulitembea na kutazama. Tuliona kamba wa baharini wakitegwa katika vijito, tuliona mamba akiota jua, tuliona boriti zilizokatwa na vichipukizi vya mikoko vilivyopandwa upya. Tuliona pia mahali ambapo mikoko ilifyekwa ili mpunga upandwe, na mahali ambapo magugu yalifukuza mpunga, na mikoko michanga ikaanza kurudi. Msitu huu uliwekwa chini ya hifadhi tangu mwaka 1898, enzi za Wadachi, na kila serikali iliyofuata ililirithi katazo. Kwa hiyo mpunga na mikoko hugombea udongo mmoja, na mkulima husimama katikati, huku sheria na huku tumbo. Mtu wa matembezi hupenda kumhukumu mmoja wao. Mtu aliyekula wali wa mahali pale hupungukiwa na haraka ya kuhukumu.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asubuhi ya siku ya tatu mama hakutupa jembe, maana haukuwa wakati wa jembe. Alimpa mwenzetu kombeo na kamba iliyofungwa madebe matupu, akamwambia, "Panda juu. Mimi ninakwenda kusaga nazi." Hakumwuliza alikuwa wapi miaka yote. Hakumwambia nani amekufa wala nani amehama. Alimpa zamu.

Nilimtazama mwenzetu akisimama chini ya ngazi. Mkono wake mmoja ulikuwa na kombeo na mwingine ulishika nguzo, na kwa kitambo kile alikuwa mtu wa mahali pawili asiyekuwa na pa kukaa. Kisha kundi la kwelea lilitokea upande wa mashariki, likajikunja hewani na kuanza kushuka. Shamba haliwezi kumngoja mtu amalize fikira zake. Alipanda mbio, akavuta kamba, madebe yakalia, akapiga ukelele mrefu wa kuamia ambao hatukujua kuwa anaujua, na kundi likainuka na kwenda zake. Kutoka katika dungu la jirani, mbali kidogo, sauti ya mzee ilijibu ukelele ule; na baada ya kuujibu ikauliza, kwa nguvu, "Nani huyo dunguni?" Mwenzetu alitaja jina lake na jina la baba yake. Kikapita kimya. Kisha mzee akasema, "Karibu nyumbani. Tazama upande wa kijitoni, ndiko wanakotua." Mazungumzo yakaishia hapo.

Siku nzima tulipokezana. Kuamia si kazi nzito, lakini ni kazi isiyokubali mtu anayeota. Ukitazama pembeni kwa dakika moja, ndege wamekwisha shuka. Tabibu alisema kuwa hajapata kusikiliza kwa makini namna ile tangu alipofunzwa kusikiliza moyo wa mgonjwa. Mimi niliona katika siku ile moja mambo ambayo siku mbili za matembezi hazikunionyesha: namna upepo unavyogeuka saa sita, namna sauti inavyokwenda juu ya mpunga, njia anayoipenda tumbili, na uchovu wa mabega ya wanawake ambao hufanya haya kwa miezi. Usiku huo hema moja lilikunjwa. Mwenzetu alilala dunguni.

Tulipokuwa tukila, mama alizungumza juu ya mto. Mwezi wa Aprili 2024, alisema, maji yalikuja mengi, yakakaa, yakaondoka na mpunga wake wote. Alisema kweli: mafuriko ya mwaka ule yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Juu ya mto liko sasa Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na kuanza kutoa umeme Februari 2024, nalo limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Taa za miji hutaka umeme, na mimi niandikaye haya huandika chini ya mojawapo. Lakini delta hula udongo unaoletwa na mto, na maji baridi ya mto ndiyo yanayoizuia chumvi ya bahari isipande mashambani. Bwawa hushika udongo, na mlango wake hufunguliwa kwa hesabu ya watu walio mbali. "Zamani tuliyajua maji kwa mwezi na kwa upepo," alisema mama. "Sasa twayangoja kama barua." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya kazi yake.

Maneno hayo yana uzito kuliko manowari iliyozama. Elimu ya dungu na ya kijiti ni elimu ya vizazi, na msingi wake ni kwamba mto una tabia. Tabia ya mto ikibadilishwa, elimu hiyo haifi kwa siku moja, lakini hutaka kufundishwa upya; na hawezi kuifundisha upya ila yule anayekaa pale na yule anayeshika funguo za maji, wakiwa wamekaa barazani pamoja. Kama mmoja ataamua na mwingine atangoje, basi yatarudiwa yale ya mwaka 1968: mpango mwema katika karatasi, na watu wenye safari mbili.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Mtu wa hema ana haki gani ya kusema amepaona mahali? Naona ana haki kwa kadiri alivyokubali kufuata saa za mahali hapo na kuacha zake. Ndege anayetoka Ulaya hufuata kupwa na kujaa. Baharia wa Kuwait alifuata kaskazi. Msafiri wa Ndundu aliutii mto bila ya kupenda. Mtu wa matembezi peke yake ndiye hufika na saa yake mkononi na kutaka machweo yamngoje. Akikubali kulala nyuma ya kijiti alichowekewa, na akapokea zamu anayopewa siku ya tatu, hema lake limeanza kuwa nyumba, hata kama ni ya nguo. Asipokubali, amelitazama dirisha tu, hakuingia ndani.

Na wanaosoma kurasa hizi ni wanafunzi na walimu, ambao nao ni wapiga hema. Mtafiti hufika Rufiji na daftari, hukaa majuma machache, huuliza maswali, hupakia majibu kama boriti, na upepo ukigeuka huondoka kwenda kuezekea nyumba yake ya elimu mahali pengine. Si dhambi, nyumba hutaka boriti. Lakini adabu ya mahali hutaka kwamba kilichotoka huko kirudi huko, kwa lugha inayosomeka huko, mikononi mwa wale waliojibu, kabla ya mpunga mwingine haujaiva. Mwenzetu sasa huenda kila mwaka, kipupwe kikiingia, kushika zamu yake, hachukui hema. Sisi watatu, tusiokuwa na mama mdogo katika delta, tutaendelea kulihitaji, na tutaendelea kuuliza, kabla ya kupigilia mambo yake ardhini, maji ya usiku yatafika wapi.